Lamu mji wa kale kwa miguu: panga siku zako kwa maji na adhana

Kila ikikaribia Disemba napata meseji, dada nataka kwenda Lamu siku tatu nne hivi nipe ratiba, na mi siku zote naanza na jambo moja kabla ya jina la hoteli wala bei ya boti: usipange siku zako za Lamu kwa saa ya mkononi. Mji ule unaendeshwa na maji, yaani kujaa na kupwa, na unaendeshwa na adhana. Mgeni asiyejua hayo anakwenda magofu ya Takwa boti inakwama kwenye matope, anakwenda kununua kikoi Ijumaa saa saba anakuta milango imefungwa, anatembea Shela, kijiji cha jirani chenye ufukwe, kwa njia ya pwani anarudi nguo zimelowa, alafu anasema Lamu hakuna mpango. Mpango upo, tena watu wamekaa nao pale zaidi ya miaka 700, ni wewe tu uufuate. Mi ni mtu wa Mombasa, nimekuwa nikienda huko tangu mdogo kwa shangazi yangu aliyeolewa mtaa wa Langoni, na haya ndo ninayomwambia kila mtu wangu anayefunga begi.

Hatua ya 1: angalia mwezi kabla hujakata tiketi

Naomba uangalie mwezi kweli. Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiwa mpevu au ndo kwanza umeandama, hayo ni maji ya bamvu, yanajaa sana na yanapwa sana, na siku hizo pwani ya Kenya maji huwa juu kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, alafu ikifika saa nne asubuhi yameshakwenda zake mashua zimelalia ubavu. Wiki moja baadae ni maji mafu, hapo mambo yanageuka, yanajaa kwenye saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni, na tofauti ya juu na chini inakuwa ndogo. Ukishika hiyo hesabu umeshajua siku gani utakwenda wapi kabla hata hujafika, na ukiona imekuchanganya muulize nahodha yeyote pwani, atakujibu bila kuangalia popote.

Huohuo mwezi ndo unakwambia Ramadhani iko lini. Ramadhani Lamu ni nzuri sana usiku, lakini mchana migahawa mingi ya mjini imefungwa na mtu mzima hali njiani hata kama si Mwislamu, kwa hivo jiulize kama uko tayari. Na Mfungo Sita, mwezi wa tatu wa Kiislamu, ndo wa Maulidi, watu wanatoka pwani nzima mpaka nje ya nchi, kunakuwa na matari na qasida na mashindano ya punda na ya jahazi, vyumba vinajaa mapema mno, ukitaka wakati huo weka chumba miezi kabla.

Kuhusu hali ya hewa, kaskazi inavuma kuanzia Disemba mpaka Machi, joto na bahari tulivu. Masika yanaingia Aprili mpaka Juni, mvua na bahari chafu, baadhi ya hoteli za Shela hufunga kabisa Mei. Mi nikiambiwa nichague nachagua Agosti mpaka Oktoba au Januari.

Hatua ya 2: kufika na kuvuka

Njia ni mbili. Ndege zinatua Manda, kisiwa cha ng'ambo, unashuka unatembea kidogo mpaka gatini na boti inakuvusha mkondo mpaka mjini, haichukui muda. Basi linatoka Mombasa linapita Malindi, Garsen, Witu mpaka Mokowe, ni zaidi ya kilomita 300, lami ipo siku hizi tofauti na tulivyokuwa tukila vumbi zamani, lakini kipande cha Garsen kwenda Mokowe kimewahi kushambuliwa miaka ya nyuma kwa hivo uliza hali ya njia siku hiyohiyo, safiri mchana, na kitambulisho au pasipoti iwe mfukoni sio chini ya begi kwenye buti kwa sababu vizuizi vya polisi ni vingi na mtashushwa.

Mokowe unapanda boti kwenda kisiwani. Za abiria wote zinakwenda polepole na ndo rahisi, spidiboti ni haraka na ghali. Vaa laifjaketi hata kama wenzako wamezikalia.

Na hapa nikwambie kitu kilichonikuta. Nilishawahi kupatana bei na nahodha nikidhani ni ya boti nzima, tulikuwa watu watano, kufika ng'ambo naambiwa ni ya kila kichwa, na mizigo imeshashushwa na watu wanatazama. Nililipa. Tangu siku hiyo kabla sijainua mguu nauliza mambo matatu kwa sauti mbele ya watu: bei hii ni ya boti nzima? Ni kwenda na kurudi? Na kama nitashuka mahali, utanisubiri? Uliza hivohivo kila boti, kila siku, na hakuna atakayechukia.

Pale gatini utapokewa na vijana kibao wa kubeba mizigo na kukutafutia nyumba. Wengi ni watu wazuri wanatafuta riziki yao. Kama una chumba tayari sema jina la nyumba na mtaa, kijana mmoja akubebee, mpatane, basi. Usiwaache watatu wakafuatana nawe kila mmoja na begi moja.

Hatua ya 3: jioni ya kwanza, usifanye kitu

Weka mizigo, oga, shuka pwani ukae. Hii nayo ni hatua usiiruke. Ukikaa pale utauelewa mji ulivyolala. Ni mrefu kufuata bahari, sio mpana, eneo la kale lenyewe lililoorodheshwa na UNESCO mwaka 2001 ni kama hekta 16 tu. Mbele ni barabara ya pwani yenye magati. Nyuma yake, sambamba na bahari, ndo Usita wa Mui, mtaa wa maduka, na hilo ni Kiamu, Kiswahili cha Lamu, usita ni njia na mui ni mji. Nyuma ya Usita wa Mui ndo vichochoro vinapanda taratibu kuelekea juu. Ukiwa baharini unautazama mji, kulia kwako ni mitaa ya Mkomani na kushoto ni Langoni.

Sa shika hii maana ndo ramani yako yote: ardhi inateremkia baharini. Ukipotea, na utapotea, angalia mfereji wa maji unaopita kando ya kichochoro, maji yanakwenda wapi, yafuate, utatokea Usita wa Mui au pwani. Ramani ya simu ndani ya vichochoro vile inachanganyikiwa kwa sababu kuta ni ndefu na njia zingine zina upana wa punda mmoja na shehena yake.

Ikiingia magharibi utasikia adhana inaanza msikiti mmoja, inapokewa na mwingine, mpaka mji mzima. Kaa tu hapo usikilize. Wanaume watatoka barazani na wachuuzi wataacha meza zao, baada ya dakika kama ishirini watu wanarudi na taa zinawaka na mishkaki inaanza kuchomwa. Hivo ndo unavyojua chakula cha jioni kimefika.

Hatua ya 4: asubuhi ya kwanza, ngome na soko

Amka mapema, unywe chai na mahamri na mbaazi, alafu kuanzia saa mbili unusu hivi nenda Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, umepewa jina la mti wa mkungu. Wazee wanakaa hapo. Salimia. Salaam aleikum inatosha, sabalkheri pia, na kwa mzee shikamoo haijawahi kumkosea mtu. Mimi naamini mgeni anayesalimia kila baraza anaona Lamu nyingine kabisa na mgeni anayepita kimya na kamera shingoni, nimeona kwa macho yangu watu wawili wanakaa gesti moja na mmoja anaitwa ndani kunywa kahawa na mwingine anaondoka akisema watu wa huku wakali.

Ngome ilianza kujengwa mwaka 1813 na kumalizika 1821. Kisa chake kizuri sana, ukijue kabla hujaingia. Kabla ya hapo watu wa Pate, kisiwa cha jirani, na Mazrui waliokuwa wakitawala Mombasa waliungana wakaja kuipiga Lamu, wakashukia Shela, na Waamu, watu wa Lamu, wakawashinda. Wazee husimulia kwamba wavamizi walipokimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa, mashua ziko juu ya mchanga, hawana pa kwenda. Ndo maana nakwambia maji, maji yameamua hata vita. Baada ya ushindi ule Lamu ikaogopa kulipizwa kisasi, ikamwita Seyyid Said wa Oman awe mlinzi, na ngome ikakamilishwa kwa msaada wake. Baadae Waingereza wakaifanya jela, kuanzia 1910, na iliendelea kuwa jela mpaka 1984, kwa hivo watu wazima wengi wa Lamu wanaikumbuka na wafungwa ndani. Leo ni makumbusho. Panda juu kabisa kwenye kuta, utaona mapaa ya mji yote kwa mara moja.

Kuta zile zamani zilikuwa zinatazama bahari moja kwa moja. Ile ardhi yote iliyo mbele yake sasa, maduka na barabara ya pwani, ilijazwa karne ya 19. Hapohapo karibu upo Msikiti wa Pwani, unatajwa kuwa wa mwaka 1370, na sasa hivi hauko pwani hata kidogo, jina ndo limebaki kuonyesha bahari ilikuwa inafika wapi. Mi nikipita pale huwa najaribu kuyaona mawimbi mlangoni.

Toka ngomeni ingia soko lililo ubavuni, samaki na mboga na nazi, pita haraka kama huna cha kununua maana watu wana kazi zao.

Kuhusu kiingilio, makumbusho zote za serikali zina bei tatu, ya raia, ya mkaazi na ya mgeni wa nje, kwa hivo beba kitambulisho, na uwe na hela kwenye simu sio pesa taslimu tu. Uliza pia kama kuna tiketi inayojumuisha sehemu zaidi ya moja.

Hatua ya 5: Nyumba ya Kiswahili, hapa chukua muda

Kama una saa moja tu Lamu nzima, itumie hapa, ni nyumba ya karne ya 18 iliyo ndani vichochoroni, imekarabatiwa na kufanywa makumbusho ndogo. Watu wengi wanaingia wanapiga picha kitanda wanatoka dakika kumi. Usifanye hivo. Nyumba ile inasomwa kutoka mlangoni kwenda ndani.

Anza nje kwenye daka, hicho ni kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe, mgeni asiyejulikana anaishia hapo na haoni hata sakafu ya ndani, maana mlango umepinda. Ukiingia unakuta kiwanda, kiwanda kwa Kiamu ni ua wa ndani wazi juu, mwanga na hewa vinaingilia hapo. Kutoka hapo vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine, msana wa tini, msana wa yuu, alafu ndani kabisa, na kila unapoingia kunakuwa juu kidogo na giza kidogo na siri zaidi, mpaka unafika chumba cha bibi mwenye nyumba ambako zipo zidaka. Zidaka ni vishubaka vilivyochongwa kwenye plasta ya chokaa, safu kwa safu ukuta mzima, vyombo vya kauri vya China vilikuwa vinawekwa humo. Plasta ile ni kazi ya mkono, usiiguse, mafuta ya vidole yanaiharibu.

Angalia upana wa vyumba. Vyote ni virefu vyembamba, kama mita tatu hivi kwenda upande wa pili hata havifiki, na sababu iko juu ya kichwa chako: boriti za mikoko ndo zinashika dari, na boriti haibebi uzito wa mawe na chokaa ikizidi hapo. Kwa hivo mti wa mkoko ndo uliopima nyumba zote za Lamu. Ukishalijua hilo utaliona kila unapoingia, hata kwenye gesti yako.

Alafu nenda chooni, ndio, chooni. Kuna birika la maji la kujengea, na desturi ilikuwa kuweka samaki wadogo ndani yake wale viluwiluwi vya mbu. Mama mmoja mtunzaji alinieleza hilo nikiwa na miaka kumi na kitu na sijasahau.

Usiondoke bila kumuuliza mtunzaji maswali. Wanajua mengi kuliko yaliyoandikwa ukutani.

Hatua ya 6: adhuhuri, ondoka juani

Adhana ya adhuhuri inaita kwenye saa sita na kitu. Hapo mji unapumzika. Maduka mengi yanafungwa, watu wanakula na kulala mpaka alasiri, kama saa kumi kasoro. Nawe kula, kunywa maji ya ukwaju au juisi ya embe, lala. Usitembee saa nane mchana ukitafuta watu, watu wako ndani. Na Ijumaa ujue kabisa kati ya saa sita na saa nane hakuna biashara.

Maji ya bomba usinywe, nunua ya chupa au chemsha.

Hatua ya 7: alasiri, potea Mkomani

Wakati mzuri wa vichochoro ni baada ya alasiri mpaka magharibi, jua limelala, baraza zimejaa, watoto wametoka chuo cha Kurani. Anzia Usita wa Mui, kata kulia au kushoto popote kuelekea juu, na utembee bila haraka. Tazama milango ya kuchonga, tazama wikio, hicho ni chumba kinachopita juu ya njia kikiunganisha nyumba mbili, ili wanawake wa ukoo waende nyumba ya pili bila kushuka njiani. Ukipita chini yake kuna ubaridi mzuri sana.

Punda ana haki ya njia kukuzidi. Ukisikia similaaa, bana ukutani, usisimame nyuma yake wala usimpapase punda wa mtu akiwa na mzigo. Anabeba mchanga, mawe, boriti, simenti, bila yeye hakuna nyumba inayosimama pale. Toka 1987 kuna kituo cha kuwatibu pwani, unaweza kuingia ukawaona waliozeeka na wagonjwa, na ukitoa mchango unakwenda mahali pazuri.

Mavazi sasa. Mabega na magoti yafunikwe mjini, mke kwa mume. Dada zangu, leso au dera linakutosha kabisa na utajisikia raha zaidi na lile joto. Nguo za kuogelea ni za ufukweni Shela tu. Chupa ya pombe usitembee nayo mkononi.

Picha: nyumba, milango, paka, bahari, piga. Mtu, omba kwanza, na mwanamke aliyevaa buibui akigeuza uso hilo ndo jibu lake, shusha simu. Misikitini usiingie kwa sababu mlango uko wazi. Muulize mtu, akikukaribisha vua viatu, kama hakukukaribisha shukuru uendelee. Riyadha iliyoko Langoni, msikiti ulioanzishwa na Habib Swaleh aliyekuwa na asili ya Ngazija huko Komoro, ndo moyo wa Maulidi, na wanafunzi wake wanatoka nchi nyingi, ukiutazama kwa nje tu na ukiwasalimia waliokaa barazani umeshafanya vizuri.

Na ukiongea nao utasikia Kiamu. Yeo ni leo, mai ni maji, mato ni macho, ndia ni njia, nti ni nchi. Mtu akikwambia ndoo, hakuletei ndoo ya maji, anakwambia njoo. Usiwasahihishe jamani. Hicho ndo Kiswahili cha mashairi ya zamani, wametunga nacho tenzi miaka mingi kabla hatujaletewa sanifu.

Posta ya Wajerumani iko Usita wa Mui, ilifunguliwa 1888 ikafungwa 1891, chumba kidogo, robo saa inatosha. Makumbusho ya Lamu iko pwani, uliza siwa, zile pembe kubwa za kupulizwa kwenye sherehe za watu wakubwa, ya Pate ni ya pembe za ndovu na ya Lamu ni ya shaba. Wapo wanaoanza nayo siku ya kwanza, mi naona iende baada ya Nyumba ya Kiswahili, hapo vitu unavyoviona vyote unajua vilikaa wapi.

Hatua ya 8: Takwa, na hapa maji ndo bosi

Takwa ni magofu ya mji kwenye kisiwa cha Manda, watu waliuhama karne ya 17 na wakahamia Shela. Msikiti mkubwa umesimama na nguzo yake juu ya kibla, kuta za mji zipo, mibuyu mikubwa, na kaburi la nguzo lenye tarehe inayolingana na 1683. Watu wa Shela mpaka leo huenda kule kuomba dua ya mvua, kwa hivo lile si gofu la kuchezea, lina wenyewe.

Unaingia kwa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko, na mkono huo ukipwa boti haipiti. Kwa hivo fika maji yakiwa yanajaa bado, ukae saa moja au moja unusu, utoke kabla hayajashuka sana. Siku za maji mafu unatoka Lamu asubuhi kwenye saa mbili na kitu, siku za bamvu unakwenda alasiri, lakini hapo uangalie magharibi isikukute njiani. Nahodha akikwambia saa, mwamini yeye kuliko kiu yako ya kulala. Beba maji ya kunywa, kofia, viatu vya kulowana. Na usiokote kigae hata kimoja, hata kama kiko njiani tu, sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inakataza kuondoa vitu vya kale na zaidi ya sheria, kikishatoka mahali pake hakiwezi tena kumweleza mtu chochote.

Hatua ya 9: Shela kwa miguu

Ni kama kilomita tatu kutoka mjini, dakika 45 kwa mwendo wa kawaida. Nenda maji yakiwa yamepwa au yanakupwa, njia ya pwani inakuwa wazi. Yakijaa kuna sehemu zinafunikwa, panda boti tu. Msikiti wa Ijumaa wa Shela ni wa 1829, unauona kwa mnara wake. Ufukwe unaanzia hapo na unakwenda kama kilomita 12, mtu haishi kutembea. Upande wa bahari kuu mkondo una nguvu, usiende mbali kama si muogeleaji.

Yale machuguu ya mchanga nyuma ya ufukwe yaheshimu. Mvua inazama mle inahifadhiwa chini, na ndo maji matamu ya kisima yanayonywesha mji wa Lamu. Usiache takataka wala kujisaidia kule, na ukisikia watu wa Shela wanapigania pasijengwe, ujue wanapigania maji ya kunywa.

Ukiwa na siku ya ziada nenda Matondoni, upande wa pili wa kisiwa, uone wanavyounda na kutengeneza majahazi na akina mama wanavyosuka mikeka. Ukinunua mkeka nunua hapo kwa aliyeusuka.

Kuhusu kununua kwa jumla: kofia za kushonwa kwa mkono, masanduku ya kuchonga, viatu vya ngozi vya Siyu, kisiwani Pate. Kofia nzuri inachukua wiki na miezi kushonwa, kwa hivo punguziwa bei kidogo sawa lakini usimkandamize mtu. Mlango wa kale au sahani ya kale ukiuzwa, usinunue. Fundi atakuchongea mpya, mkataba uwe wa maandishi na ulipe nusu tu mwanzo.

Hatua ya 10: kuondoka

Boti za Mokowe zinazounganisha na mabasi ya Mombasa zinaondoka mapema sana, kukiwa bado giza. Uliza saa yake usiku uliotangulia, na uulize gatini sio gestini tu. Lipa chumba usiku huohuo, chaji simu, mwambie mtu wa mizigo akufuate. Adhana ya alfajiri itakuamsha kama saa kumi na moja, ukishasikia ya kwanza amka usisubiri ya pili. Na halwa ya nyumbani ununue jana yake baada ya isha, maduka yakiwa bado wazi, kwa sababu asubuhi hiyo utapita Usita wa Mui milango yote imefungwa na ni paka tu walioamka.